Kuwahi Si Kujipanga: Karatasi za Safari ya Gari Kutoka Istanbul Hadi Delhi

Safari yenyewe ilituchukua miezi mitano, Juni hadi Oktoba 2024, mimi na mume wangu ndani ya gari letu. Karatasi zake zilituchukua miezi kumi na moja kabla hatujawasha injini, na hata tulipokwisha kuondoka hazikutuacha. Watu wakikutana nasi huuliza juu ya milima na barabara. Hakuna aliyewahi kuniuliza juu ya lile faili la plastiki la rangi ya bluu nililolala nalo chini ya mto kwa miezi mitano, na nikiwa na la kumsaidia mtu anayejiandaa kwa safari kama hii, limo mule ndani ya faili.

Tangu utoto mimi ni mtu wa kuwahi. Ada nalipa kabla ya siku, kwenye basi nafika saa moja kabla. Nikaamini viza nazo ziko hivyo, kwamba anayewahi ndiye anayelala usingizi. Imani hiyo ilitugharimu fedha, ikatugharimu siku, na usiku mmoja pale Tashkent, Uzbekistan, nusura itugharimu maelewano yetu ya ndani.

Tulianza Julai 2023 kwa daftari na kalamu. Mume wangu ana pasipoti ya nchi nyingine na mimi nina ya kwangu, kwa hiyo kila nchi ya njiani tulilazimika kuiuliza swali lile lile mara mbili. Mwanzoni sikulifikiria hilo. Nilitafuta habari za viza kwa pasipoti yake, nikajiandikia na mimi majibu yale yale, na wiki tatu nzima nikaishi nikidhani mambo ni mepesi. Nilipokuja kukagua upya kwa pasipoti yangu, mistari minne ilibadilika. Mahali alipokuwa anaingia bure, mimi nilitakiwa kwenda ubalozini. Ubalozi mwingine hauna ofisi katika nchi ninayoishi, na ule wa nchi ya jirani haupokei maombi ya mtu asiye mkazi wa huko. Kwa hiyo kama mnasafiri wawili au zaidi, kila mtu awe na ukurasa wake. Anayeongoza ratiba ni yule mwenye pasipoti ngumu, na mwenye pasipoti nyepesi amfuate.

Halafu kuna mipaka yenyewe. Njia tuliyoichora kwanza ilipita Georgia, ikaingia Azerbaijan, ikavuka Bahari ya Kaspi kwa meli hadi Kazakhstan. Kwenye ramani inapendeza. Viza ya Azerbaijan inaombwa mtandaoni kwa dakika chache, nami nilikuwa nimebakiza kubonyeza tu, mume wangu aliponiuliza tutaingilia kituo gani. Nikaanza kutafuta kituo, na hapo ndipo nikajua kwamba mipaka ya nchi kavu ya Azerbaijan ilifungwa Machi 2020 wakati wa korona na ilikuwa haijafunguliwa. Viza zilikuwa zinatolewa, ndege zinatua, lakini mwenye gari haingii. Kusini zaidi mambo yalikuwa hayo hayo: tulitaka kupita milima ya Pamir, Tajikistan, tutokee Kyrgyzstan, na mpaka kati ya nchi hizo mbili ulikuwa umefungwa tangu mapigano ya 2021. (Nimeona ulifunguliwa Machi 2025, nawaonea wivu watakaopita sasa.) Tangu siku ile, kabla ya kuuliza kama naweza kupata viza ya nchi, nauliza kama kituo ninachotaka kupita kinapitisha raia wa nchi ya tatu, wakiwa na gari, katika mwezi ule. Hayo ni maswali matatu tofauti, na tovuti ya viza haijibu hata moja.

Tukabaki na njia hii: Uturuki, Georgia, Urusi kwa siku chache, Kazakhstan, Uzbekistan, Kyrgyzstan, China kupitia Kashgar, Pakistan, India.

Katika nchi zote hizo, China ndiyo iliyotufunga tarehe. Ukitaka kuingia China na gari lako la kigeni, ni lazima upitie kwa wakala aliyeidhinishwa, uwe na mwongozaji atakayekuwa nanyi muda wote, na gari lipewe namba ya muda. Dereva naye hupewa leseni ya muda, kwa sababu leseni ya udereva ya kimataifa China haiitambui. Wakala alitaka picha za gari pande zote, kadi ya gari, pasipoti, leseni, na ratiba ya siku kwa siku, miezi kadhaa kabla. Siku ya kuingia ikishaandikwa kwenye vibali, huibadilishi kwa simu ya asubuhi. Tuliipanga Jumatatu ya Septemba 23, tutoke Ijumaa ya Septemba 27, kwa sababu mwisho wa juma vituo vile vilikuwa vinafungwa, na Oktoba 1 ni sikukuu ya taifa ya China ambapo ofisi hufungwa tena kwa siku kadhaa. Siku tano hizo za mwongozaji na vibali zilitugharimu zaidi ya mafuta yote ya kutoka Istanbul hadi mpakani pale. Naandika hivyo ili mtu asije akashtuka akiwa ameshalipia mengine yote.

Ukipata tarehe moja isiyosogea kama ile, jenga ratiba ukirudi nyuma kutoka kwake. Sisi tulijenga kwenda mbele, kutoka siku ya kuondoka, na ilitubidi tubomoe mara mbili.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa, kwa sababu mbegu yake niliipanda katika miezi hii ya maandalizi. Viza ina muda wa aina mbili: muda ambao unaweza kuitumia kuingia, na muda unaoruhusiwa kukaa ukishaingia. Hilo wengi wanalijua. Ambalo sikulijua ni kwamba kila nchi huanza kuhesabu mahali pake. Viza ya mtandaoni ya Urusi, iliyoanza Agosti 2023 kwa raia wa nchi 55, wakati ule ilikuwa na siku 60 za kuitumia na siku 16 za kukaa, na siku ya kuvuka huhesabiwa kuwa ya kwanza hata ukivuka saa nne usiku. Mume wangu alikuwamo kwenye orodha ile. Mimi sikuwamo, nikabandikiwa viza ya ubalozini yenye tarehe zake nyingine kabisa. Viza ya China ilisema tuingie kabla ya tarehe fulani, na siku za kukaa zihesabiwe kuanzia siku ya kuingia. Uturuki haihesabu mwezi wala msimu, inahesabu siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo siku ulizowahi kukaa huko miezi mitatu iliyopita bado zinakufuata.

Viza ya India niliiomba Aprili. Ilikuwa ya miezi sita, na tulitaka ile ya kubandikwa kwa sababu tulikuwa tunaingia kwa barabara. Ilitoka Aprili 22. Nilifurahi jinsi ya ajabu. Nilimpigia mume wangu simu kazini nikamwambia, "Baba, India tayari!" Nchi ya mwisho kwenye orodha imekuwa ya kwanza kukamilika. Nikaitia kwenye faili la bluu na sikuisoma tena.

Kuhusu gari, karatasi kuu ni kaneti, yaani Carnet de Passages en Douane. Ni kitabu kinachowaahidi watu wa forodha kwamba gari litaingia na litatoka bila kuuzwa, na kwamba likibaki, ushuru utalipwa. Hutolewa na chama cha magari kilicho chini ya mtandao wa kimataifa wa vyama hivyo, hudumu mwaka mmoja, na kila nchi unayoingia hutumia ukurasa mmoja. Ukurasa una vipande vitatu. Cha chini hukatwa ukiingia, cha kati hukatwa ukitoka, na cha juu hubaki kitabuni kikiwa na mihuri yote miwili. Ukitoka nchini bila mhuri wa pili, kwa macho ya forodha gari lako bado limo, na madai ya ushuru yatakufuata nyumbani. Njia yetu ilikuwa na nchi mbili tu zinazoidai kweli, Pakistan na India, lakini kwa ajili ya mbili hizo tuliweka dhamana iliyofunga karibu nusu ya akiba yetu kwa zaidi ya mwaka. Hii fedha huitumii, hurudishwa, ila lazima uwe tayari kuishi bila hiyo. Sisi tulikuwa tumeihesabu kama sehemu ya fedha za dharura, na hilo lilikuwa kosa. Siku dharura ilipokuja, fedha zilikuwa kifungoni.

Fomu ya kaneti niliijaza mimi, usiku, baada ya kazi. Namba ya chesisi niliiandika kwa kutazama picha iliyokuwa kwenye simu.

Majina nayo yana habari yake. Pasipoti yangu ina majina matatu. Kadi ya benki ina mawili. Leseni ina matatu, lakini la babu limetangulia. Fomu za viza za mtandaoni zina visanduku viwili tu, jina la ukoo na majina mengine, na kila mara nilikuwa najiuliza la baba liende wapi. Jibu lilikuwa kwenye pasipoti yenyewe, ile mistari miwili ya chini yenye alama za mshale, yenye nafasi 44 kila mmoja. Hiyo ndiyo mashine ya mpakani inayosoma. Jinsi majina yalivyogawanyika pale, ndivyo uyagawanye kwenye kila fomu, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo. Mimi nilikwisha kukosea kwenye ombi moja, likarudishwa, nikalipa tena. Kwa leseni nilikwenda kwa wakili nikaapa hati ya kiapo kwamba mwenye majina yale yote ni mtu mmoja, tukaipata tafsiri ya Kiingereza iliyogongwa mhuri. Iliulizwa mara mbili tu safari nzima, na mara zote mbili ilituokoa.

Gari lilisajiliwa kwa jina la mume wangu peke yake, kwa hiyo tuliandikisha pia hati ya kunipa mamlaka ya kuliendesha na kulivusha mpakani bila yeye. Wengi hudhani cheti cha ndoa kinatosha. Hakitoshi.

Na leseni za kimataifa. Kuna ya mkataba wa 1949, inayodumu mwaka mmoja, na ya mkataba wa 1968, inayoweza kudumu hadi miaka mitatu, na si kila nchi inatambua zote mbili. Mume wangu alipata ya 1968. Yangu ilikuwa ya 1949, na mimi mtu wa kuwahi niliichukua Agosti 2023. Mtu mwingine yeyote angeona tatizo pale pale.

Gari lilitangulia kwa meli hadi bandari ya Mersin, tukalifuata, mume wangu akalitoa kwa jina lake, tukalipeleka Istanbul kwa sababu ndiko tulikotaka kuanzia. Siku ya tisa ikaja simu: baba mkwe amelazwa, hali si nzuri. Mume wangu alitaka kuondoka usiku ule ule. Rafiki mwenyeji wetu ndiye aliyetuuliza gari limeandikwa kwa nani. Uturuki, gari la kigeni huandikwa kwenye rekodi ya aliyeingia nalo, na mtu huyo hawezi kutoka nchini akaliacha barabarani. Ni lazima alikabidhi forodha kwanza. Ile hati yangu ya mamlaka haikubadilisha kitu, kwa sababu jina kwenye rekodi lilikuwa lake. Siku nzima na nusu ilipotea tukihangaika kulikabidhi, yeye akiwa kimya kabisa kwenye kiti cha abiria, ameshika simu kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona vile. Baba mkwe alipona, Mungu ashukuriwe, na mume wangu alimkuta ana fahamu. Lakini kama ningejua, ningeliingiza gari lile Mersin kwa jina langu kwa kutumia hati ile ile, maana wazazi wake ni wazee na wangu walishatangulia. Jambo kama hili linazungumzwa mezani kabla ya safari, hata kama linauma kulitamka: nani kati yetu ana uwezekano mkubwa wa kuitwa nyumbani?

Georgia haikuwa na shida. Bima ya gari ya kufidia watu wengine ni ya lazima kwa magari ya kigeni tangu Machi 1, 2018, na inanunuliwa kwa muda mfupi. Dawa za maumivu zenye kodeini tulizitoa kwenye sanduku kabla ya mpaka, kwa kuwa sheria za huko kuhusu dawa za aina hiyo ni kali, na zile za shinikizo la damu tulizibeba na cheti cha daktari.

Urusi tuliingilia kituo cha mpakani cha Verkhny Lars, tukapanga foleni kwa muda wa saa kumi na moja. Fedha taslimu tulikuwa nazo za kutosha, maana kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022. Pale Lars forodha walitupa karatasi moja ya gari, nyepesi, yenye mhuri wa zambarau. Hiyo karatasi ni ya kuitunza kama pasipoti. Urusi, Kazakhstan, Kyrgyzstan, Belarus na Armenia zina umoja wa forodha mmoja, na gari likishaingia nchi moja huhesabika limeingia zote. Tulipovuka kwenda Kazakhstan hakuna aliyeiuliza, nami nikadhani kazi yake imekwisha. Nilikuwa nimeifungia chupa ya mafuta ya kula isivuje. Majuma matatu baadaye, tukitoka Kazakhstan kuingia Uzbekistan, afisa akanyosha mkono akaitaka. Tulishusha sanduku la jikoni lote pale kwenye lami, jua la Julai likiwaka, nikaifungua ile chupa. Mafuta yalikuwa yameingia pembeni, lakini mhuri ulisomeka. Yule afisa akaishika kwa ncha za vidole viwili, akaitandaza juu ya kioo, akanitazama, akagonga. Mikono yangu ilitetemeka mpaka tulipofika hotelini.

Tashkent ndiko nilikokuja kuisoma viza ya India. Ilikuwa Agosti, nilikuwa napanga siku za mwisho, nataka kujua tuna siku ngapi za kutembea Punjab na Rajasthan kabla ya kulipakia gari. Nilikuwa nimepiga hesabu ya miezi sita tangu siku ya kuingia. Nikaiinua pasipoti karibu na taa. Imetolewa Aprili 22. Mwisho Oktoba 21. Nikasoma tena. Muda wa viza ile huanza siku inapotolewa, na mimi nilikuwa nimeitumia miezi minne tayari nikiwa Uturuki, Georgia na Kazakhstan. Kuingia India tulipanga Oktoba 10. Siku kumi na moja ndizo zilizobaki, na ucheleweshwaji wowote ungezila.

Nilimwamsha mume wangu. Alinyamaza, kisha akasema, "Mama, si ulisema hii tayari?" Hakusema kwa ubaya, lakini nilikuwa nimechoka na nilijua kosa ni langu, nikamjibu vibaya. Tulilala tumepeana migongo. Asubuhi alileta chai, tukakaa na daftari. Tuliomba upya katika ubalozi uliopo Tashkent, tukalipa tena, tukasubiri siku kumi na sita pasipoti zetu zikiwa mikononi mwao. Siku hizo kumi na sita ndizo tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya Samarkand na Bukhara. Samarkand tuliiona siku moja. Bukhara hatukuiona.

Na wiki ile ile leseni yangu ya kimataifa ikaisha muda. Dada yangu alikwenda kunishughulikia nyingine kwa barua niliyomtumia, ikanifikia Bishkek, Kyrgyzstan, kwa kampuni ya vifurushi. Mpaka hapo mume wangu aliendesha peke yake.

Basi, viza yenye muda unaoanza siku ya kutolewa iombwe mwisho kadiri inavyowezekana, hata kama moyo unadunda. Yenye tarehe ya kuingia unayoichagua mwenyewe, iombe mapema. Nilikuja kuyaandika hayo kwenye jalada la ndani la faili kwa wino mwekundu. Na kila viza inapotoka, kaeni wawili, mmoja asome kwa sauti kila neno na kila tarehe, mwingine afuate kwenye ratiba. Dakika tano tu. Laiti tungezitumia zile dakika tano mwezi Aprili!

China ilipita kama ilivyopangwa. Kashgar gari likakaguliwa, likapata namba yake ya muda, mwongozaji akawa mpole na mwenye kujua kazi yake. Tulitoka Tashkurgan Ijumaa asubuhi, tukapanda hadi Khunjerab, mita 4,693 juu ya bahari, kichwa kikiuma, tukashukia Sost upande wa Pakistan, ambako ndiko uhamiaji na forodha vilipo.

Kaneti ilikuwa inafunguliwa kwa mara ya kwanza. Nchi zote zilizotangulia hazikuwa na haja nayo. Afisa wa forodha alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akachukua tochi na kitambaa, akafungua boneti, akakisugua kibati cha chesisi taratibu mpaka vumbi la majangwa yote likatoka. Akasoma herufi moja moja kwa sauti, kidole chake kikitembea kwenye kaneti. Kwenye tarakimu ya kumi na mbili akasimama. Akarudi mwanzo. Akasimama pale pale.

Kwenye chuma palikuwa na sifuri. Kwenye kaneti palikuwa na herufi O.

Alinieleza kwa Kiingereza cha utaratibu, wala hakupandisha sauti. Namba ya chesisi ya tarakimu kumi na saba haitumii kamwe herufi I, O wala Q, kwa sababu hiyo hiyo, zisichanganywe na moja na sifuri. Kwa hiyo anajua ni kosa la uandishi. Lakini kaneti ni dhamana, na gari lililoandikwa mle si hili lililosimama mbele yake. Marekebisho ni lazima yatoke kwa chama kilichoitoa. Ijumaa jioni. Ofisi zao zimefungwa hadi Jumatatu.

Fomu ile niliijaza kwa mkono wangu. Nilikwenda nyuma ya gari nikalia.

Tulikaa Sost hadi Jumatano. Intaneti ilikuwa ya kusuasua, nilituma picha za kibati, za kadi ya gari na za ukurasa wa kaneti kwa kupanda juu ya paa la nyumba ya wageni. Jumanne chama kikatuma barua yenye mhuri na sahihi, na kikawapigia simu watu wa forodha. Jumatano yule mzee akaiambatisha barua kwenye kaneti, akagonga mhuri juu ya maungio ya karatasi zote mbili ili zisitenganishwe, akakata kipande cha chini. Alitupa aprikoti kavu mfuko mzima. Namwombea heri hadi leo.

Kama una gari la kupeleka mbali, usiinakili namba ya chesisi kutoka kwenye picha wala kutoka kwenye kadi. Nenda kwenye gari. Safisha kibati, soma, mwenzako aandike, kisha mbadilishane. Halafu linganisha chesisi, injini, rangi na majina kwenye kaneti, kadi, bima na hati ya mamlaka vikiwa vimepangwa mezani kwa wakati mmoja. Karatasi zetu zote zilikuwa halali zikisomwa moja moja. Zilipowekwa pamoja ndipo zilipobishana.

Wagah, mpaka wa Pakistan na India, tulivuka Oktoba 16, asubuhi, kabla umati wa gwaride la jioni haujaanza kukusanyika. Kama tungekuwa na ile viza ya kwanza, tungebakiwa na siku tano, na kutoka pale hadi Delhi ni mwendo wa siku moja ndefu. Mwishoni mwa Aprili 2025 kituo cha Attari, upande wa India, kilifungwa kutokana na mgogoro wa nchi hizo mbili. Anayepanga njia hii sasa aanze kwa kuuliza kama kituo hicho kimefunguliwa kabla ya kununua hata faili.

Tulipolipakia gari melini, niliomba nisiondoke bandarini mpaka nimeuona mhuri wa kutoka kwenye kipande cha juu cha ukurasa wa India. Gari lilipofika nyumbani, forodha wakathibitisha kurudi kwake kwenye jalada la nyuma, nikaipeleka kaneti kwa chama mwenyewe, sikuituma. Karani alizifungua kurasa kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, akihesabu mihuri kwa midomo bila sauti. Kwenye ile barua iliyopigwa mhuri Sost akasimama kidogo, akaisoma yote. Kisha akaendelea. Dhamana ilirudi benki baada ya wiki tano.